Nani yu mbele ya nani? Maswali ya mpangilio kwa mifano ya Tungue

Askari anayefanya mtihani wa kuingia kazini au wa kupanda cheo huenda akakuta maswali ya mpangilio: nani yu mbele ya nani, lipi lilitangulia lipi. Wengi huyadharau kwa kuwa hayana hesabu kubwa, na papo hapo huanguka.

Mifano yetu tumeitoa Tungue, ghuba iliyoko kusini ya mto Ruvuma, katika pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Pwani hiyo si ngeni masikioni mwa askari. Mwezi wa Machi 2021 mji wa Palma, uliopo kwenye ghuba hiyo, ulishambuliwa, na mwaka huo huo majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, yakapelekwa katika jimbo hilo.

Tuseme umepewa taarifa mbili. Mocímboa da Praia iko kusini ya Palma. Kionga iko kaskazini ya Mocímboa. Je, kati ya Kionga na Palma, ipi iko kaskazini zaidi? Aijuaye pwani ile atasema Kionga, na kwenye ramani ni kweli. Lakini taarifa alizopewa hazikusema hivyo. Zimesema tu kwamba miji yote miwili iko kaskazini ya Mocímboa. Jibu linalotakiwa ni kwamba haijulikani. Ongeza taarifa ya tatu, kwamba Palma iko kati ya Kionga na Mocímboa, na hapo safu imekamilika. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi anajua uzito wa jambo hili: alichosema shahidi ni kimoja, na anachokijua mwandishi ni kingine.

Sasa tutazame matukio. Msimuliaji anasema: “Wareno waliichukua Kionga kutoka kwa Wajerumani. Sayyid Barghash wa Unguja alifariki kabla Wajerumani hawajaitwaa Kionga. Tungue ilitekwa na Wareno Barghash angali hai.” Ameanzia mwishoni, kama wasemavyo watu wengi. Usiandike kwa mfuatano wa maneno yake. Chora mstari, weka kila tukio mahali pake: Tungue kutekwa, Barghash kufariki, Wajerumani kuingia Kionga, Wareno kuichukua. Miaka yenyewe yathibitisha: 1887, 1888, 1894 na 1916. Angalia pia kwamba neno “kabla” halikutuambia muda. Baina ya kifo cha Barghash na kuingia kwa Wajerumani ilipita miaka sita. Asomaye “baada ya” kana kwamba ni “mara baada ya” amejiongezea taarifa asiyopewa.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. “Koplo ni wa tatu” si sawa na “mbele ya koplo wako watatu”. Katika la pili koplo ni wa nne. Nafasi moja kati ya maneno yabadili cheo cha mtu! Vivyo hivyo, asiye mrefu kuliko mwenzake si lazima awe mfupi, huenda wakalingana.

Tumalizie kwa gwaride. Askari ni wa 9 kutoka mbele na wa 14 kutoka nyuma. Wako wangapi? Wengi hujibu 23, wakimhesabu mtu mmoja mara mbili. Jumlisha, kisha utoe mmoja: 22.

Lililo gumu zaidi ni hili. Sajini ni wa 9 kutoka mbele, konstebo ni wa 14 kutoka nyuma, na kati yao wamesimama wanne. Ikiwa sajini ndiye aliye mbele, safu ina watu 27, yaani 9 na 4 na 14. Lakini swali halikusema nani kamtangulia mwenziwe. Ikiwa konstebo ndiye aliye mbele, basi yeye ni wa 4 kutoka mbele, nyuma yake wako 13, na safu nzima ni watu 17. Majibu yote mawili ni halali, mpaka aliyetunga swali aseme zaidi.