Uwanja wa Ndege Ujengwe Wapi, na Nani Agharimie?

Kamati za parokia zimekuwa zikituuliza swali moja mara kwa mara: serikali inapotangaza kujenga au kupanua uwanja wa ndege mkoani, mahali huchaguliwa kwa vigezo gani? Wahisani wetu nao huuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kwenye zahanati na visima. Maswali yote mawili ni ya haki, nasi tunajaribu kuyaeleza hapa kwa mifano ya Tanzania.

Tuanze na Mbeya. Uwanja wa zamani ulikuwa katikati ya mji, umezingirwa na nyumba, tena kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko ni jambo kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuruka. Wahandisi hukadiria nyongeza ya asilimia 7 ya urefu wa barabara ya kurukia kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mbeya, hiyo ni karibu asilimia 40, kabla hata ya kuhesabu joto la mchana. Barabara ya mita 1,200 inayotosha pwani ingepaswa kukaribia mita 1,700, na mjini nafasi hiyo haikuwepo. Ndipo ukajengwa uwanja wa Songwe, kilomita zipatazo 20 nje ya mji, wenye barabara ya zaidi ya kilomita 3, ukaanza kupokea ndege Desemba 2012. (Wageni huchanganyikiwa na jina: uwanja huo uko Mkoa wa Mbeya, na Mkoa wa Songwe ulianzishwa baadaye, mwaka 2016.)

Hata hivyo, eneo pana halimalizi kila kitu. Songwe hupata ukungu, na kwa miaka kadhaa uwanja haukuwa na taa za kuongozea ndege. Abiria wengi wa Mbeya wanakumbuka safari zilizoahirishwa.

Bukoba ni mfano wa kusikitisha zaidi. Uwanja wake ni mfupi, umebanwa kati ya mji na Ziwa Victoria. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa ikijaribu kutua, wakafariki watu 19. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hatusemi kwamba ufupi wa uwanja ndio ulioiangusha ndege. Tunasema kwamba uwanja ulio kando ya ziwa unahitaji boti ya uokoaji yenye mafuta na watu waliofunzwa, na gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza pamoja na lami.

Tukija kwenye fedha, viwanja vikubwa kwa kawaida hujengwa kwa mikopo. Kwa Msalato, Dodoma, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha Desemba 2019 mkopo wa dola za Marekani zipatazo milioni 272. Mafia, barabara ya kurukia ilijengwa upya kwa msaada wa Marekani, ikakamilika mwaka 2013. Lakini kujenga ni nusu tu ya mzigo. Chukueni uwanja mdogo unaosafirisha abiria 50 kwa siku, kila mmoja akilipa ada ya shilingi 10,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi milioni 182 na nusu. Kutoka humo zilipwe mishahara, umeme, walinzi, zimamoto na ukarabati wa lami. Hazitoshi, na ndiyo maana viwanja vidogo hubebwa na mapato ya vile vikubwa, hasa Dar es Salaam.

Tunashauri pia kuwa waangalifu na hoja ya mazao. Kila mradi huahidi kwamba matunda ya wakulima yatapaa hadi Ulaya. Parachichi za Rungwe kwa sehemu kubwa husafiri kwa makontena ya baridi, kwa lori kisha meli. Mkulima huyo angefaidika zaidi na barabara nzuri ya kijijini na ghala la baridi. Faida ya hakika ya kiwanja mkoani ni nyingine: mgonjwa mahututi kufikishwa hospitali ya rufaa kwa saa moja badala ya siku nzima.

Suala linalogusa parokia zetu moja kwa moja ni ardhi. Huko Kipawa, Dar es Salaam, wananchi walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja, na wengi wakahamishwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Katika muda huo wote mtu haezeki nyumba wala hapandi mwembe, maana hajui kesho yake.

Sheria za sasa zinamlinda zaidi. Kanuni za mwaka 2001 zinataka fidia ihusishe thamani ya soko ya ardhi na ya maendeleo yaliyomo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi kwa miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 nayo inaweka ukomo wa miaka miwili, baada ya hapo tathmini isiyolipwa inakoma na kazi inapaswa kurudiwa kwa bei za wakati huo.

Kwa hiyo wathamini wanapofika kijijini, kamati ihimize kila kaya iwe na mtu wake shambani siku ya kuhesabu miti na kupima nyumba, mke na mume wote wajue kilichoandikwa, na kila mmoja abaki na nakala ya fomu aliyoisaini. Wajane na wanaolima shamba la ndugu aliye mjini ndio husahaulika kwanza. Majina yao yaandikwe na kamati kabla wathamini hawajafika.