Nusu Mlima, Nusu Bahari: Kufuga Uduvi Meru na Embu

Mimi hukata vioo. Katika duka langu hapa Makutano, mjini Meru, kazi ya kila siku ni madirisha, meza za sebuleni na picha za harusi zinazotaka fremu. Tangu watu wa mjini waanze kupenda samaki wa mapambo natengeneza matangi pia, na langu mwenyewe nimeliweka kando ya meza ya kukatia. Ndani hamna samaki. Mna uduvi, wale kamba wadogo wasiozidi urefu wa kidole, ambao miili yao inaonyesha ndani kama kioo: mmoja akila, unaona chakula kikipita. Wateja huuliza maswali mawili. La kwanza: "Fundi, hawa ni panzi wa maji?" La pili, nikishawajibu: "Na bahari umeipata wapi huku mlimani?"

Hilo la pili ndilo swali zuri. Jibu lake ni kwamba bahari nimeleta nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa hapa hapa.

Uduvi wangu ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Palaemon. Hukaa penye mikoko na kwenye milango ya mito, ambako maji matamu hukutana na ya chumvi. Huko maji hayana tabia moja: bahari ikijaa chumvi hupanda, mvua ikinyesha bara hushuka, na kiumbe huyu amezoea yote mawili. Sasa ifuate mito yetu uone inakwenda wapi. Rupingazi unaopita Embu huingia Thiba, na Thiba huishia katika bwawa la Kamburu kwenye mto Tana. Kathita wa hapa Meru na Mutonga wa Tharaka-Nithi huingia Tana chini ya bwawa la Kiambere. Kutoka hapo maji yanapita Garissa na kushuka hadi Kipini, yakamwagika katika ghuba ya Ungwana. Ghuba hiyo ndiyo uwanja mkubwa wa kamba nchini Kenya, na mito miwili, Tana na Sabaki, ndiyo iliyoufanya uwe hivyo. Huleta tope lenye rutuba, na hupunguza ukali wa chumvi kule kwenye mikoko wanakokulia kamba wachanga. Mvua ikinyesha vizuri bara, kamba huongezeka pwani. Anayetengeneza maji ya chumvichumvi nyumbani kwake Embu anafanya kwa ndoo kazi ambayo mlima wake huifanya kwa mito.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba babu zetu walitoka Mbwa, kisiwa cha pwani, wakiwakimbia watu waliowatesa. Wapo wanahistoria wanaodhani kisiwa hicho ni Manda, jirani ya Lamu. Hata hivyo, tulipofika mlimani samaki tukamwacha. Kizazi cha babu yangu hakikumweka sahanini. Mambo yalianza kugeuka hasa kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoanza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa, na baadaye kiwanda kidogo cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine. Siku hizi mtu wa Imenti anajua perege ni nini. Uduvi bado ni mgeni, ingawa wafugaji wa kuku huwalisha kuku wao uduvi bila kujua: ochong'a anayechanganywa kwenye chakula cha mifugo ni uduvi wa maji matamu kutoka Ziwa Viktoria.

Kazi yenyewe huanzia kwenye maji. Lita moja ya maji ya bahari ya wazi ina chumvi gramu 35 hivi. Uduvi hawa wanatosheka na nusu ya kiasi hicho, gramu 15 hadi 18, na haidromita ikitumbukizwa inasoma 1.012 au juu kidogo. Binamu yangu wa Mtwapa hunijazia jerikeni la lita 20 bahari inapokuwa imejaa, maana wakati huo maji ni safi kuliko yanapotoka na uchafu wa pwani, kisha hulituma kwa basi. Nikiongeza kipimo sawa cha maji matamu napata lita 40: tangi limejaa na akiba imebaki. Akiba huwekwa gizani, imefunikwa. Asiye na binamu pwani anunue chumvi ya akwaria katika maduka ya samaki wa mapambo Nairobi.

Chumvi ya jikoni haitoshi. Hata ile inayotoka pwani yetu ya Gongoni na Marereni, ikishasafishwa hubaki karibu chumvi tupu, halafu hutiwa aidini kwa mujibu wa sheria. Magnesi, kalisi na potasi zilizokuwa baharini hazimo tena, na bila hizo uduvi hawezi kujenga gamba. Magadi tunayotia kwenye maharagwe ndiyo mabaya zaidi: yanapandisha ualkali wa maji kwa ghafla na kuwaua.

Maji matamu nayo yana mitego yake, na kwetu mtego mkubwa ni kahawa. Wakulima wa Meru na Embu hunyunyiza dawa za shaba kuzuia kutu ya majani na ule ugonjwa wa matunda wanaouita CBD. Damu ya uduvi yenyewe hutumia shaba kubeba hewa, lakini ikizidi kidogo tu majini ni sumu kwake. Kwa hiyo usichote kijito kinachopita chini ya shamba la kahawa. Usitumbukize mkono tangini ukitoka kupiga dawa, hata kama umenawa. Dawa za mbu za kupuliza chumbani ni hatari vilevile, kwa kuwa uduvi na mdudu ni ndugu wa karibu na kinachomuua mmoja humuua mwingine. Mimi hukinga maji ya mvua, baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi la paa. Mabati yakiwa mapya kabisa, sikingi, kwa sababu ya zinki. Maji ya bomba yanafaa pia ukiyaacha wazi ndooni usiku kucha ili klorini itoke.

Tangi ni kazi yangu, kwa hiyo hapa niruhusu niseme kama fundi. Kwa urefu wa sentimita 40, upana 25 na kimo 30, unapata lita 30, na kioo cha milimita 5 kinatosha. Kingo zisagwe kwa jiwe la kunoa kabla ya kuunganishwa, zisije zikakukata unaposafisha. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki. Ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu huvujisha dawa hiyo majini. Liache likauke wiki nzima, harufu ya siki iishe. Kata na kioo cha kifuniko, kwanza kwa sababu uduvi huruka, pili ili maji yasipungue haraka. Likijazwa maji na mawe litakaribia kilo 40, kwa hiyo lipe meza ya mbao ngumu, mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Ndani, sisi watu wa mlima tumebahatika. Nyambene ni vilima vya volkano, na mawe yake mekundu yenye vitundu yanafaa ajabu. Yachemshe, yasugue, yapange yaache mapango ya kujificha. Vitundu vile ndimo watakamokaa bakteria, nao ndio mafundi halisi wa tangi. Chini tandaza mchanga wenye vipande vya kombe na matumbawe, kwa maana maji ya mlima wetu ni laini, hayana kalisi nyingi, na kombe huyarudishia taratibu. Kisha weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Chujio la kufyonza kwa nguvu halifai, litavuta wachanga.

Baada ya hapo usiweke uduvi. Tia punje chache za chakula cha samaki zioze, pampu ifanye kazi, usubiri wiki 4 hadi 6. Uchafu unapooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo uduvi huivumilia. Makundi hayo huzaliana polepole, na katika baridi yetu polepole zaidi. Vikaratasi vya kupima vinauzwa. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, na mawe yakiwa yameota utelezi wa kijani, ndipo nyumba iko tayari.

Mambo mawili yanatutenga na pwani: hewa na baridi. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu uko chini kidogo. Kwa kimo hiki mgandamizo wa hewa umepungua takriban asilimia 15, na hewa inayoyeyuka majini hupungua vivyo hivyo. Wanaofuga pwani wanaweza kujaza tangi. Sisi tuanze na uduvi 8 au 10 katika lita 30, na pampu isizimwe usiku. Stima ikipotea, pampu ya betri za tochi inaokoa maisha. Kuhusu baridi, uduvi aliyetoka maji ya nyuzi 27 hawezi kuachiwa Julai ya Meru. Kipasha maji cha wati 50 kikiwekwa nyuzi 25 kinatosha. Mteja wangu wa Embu, mwalimu wa biolojia, huzima chake miezi ya joto. Mimi changu hakilali.

Uduvi wenyewe wapate kwa njia halali. Uvuvi wa Kenya unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016, na kila ufuo una kikundi chake cha usimamizi, BMU, kinachojua nani anaruhusiwa kuvua nini. Nunua kwa mvuvi anayetambuliwa na kikundi hicho, na uulize ofisi ya uvuvi kuhusu vibali vya kusafirisha. Wasilishwe siku ya kuamkia safari. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, ndani ya kasha la kuhifadhi baridi, wasafiri usiku. Wakifika usiwamwage. Nunua mrija wa dripu kwenye duka la dawa, na maji ya tangi yaingie tone tone katika ndoo yao kwa saa mbili au tatu, ili miili yao izoee chumvi mpya.

Kuwalisha ni kazi ndogo mno, na wengi huiharibu kwa huruma. Uduvi hula utelezi, mwani na mabaki. Mara mbili tatu kwa wiki ongeza kipande cha mchicha usiopigwa dawa, uliochemshwa, au chembe ya omena. Kisicholiwa kufikia jioni kitolewe. Maji yakipungua, jazia maji matamu peke yake, kwa sababu kinachopaa ni maji na chumvi yote imebaki. Kila wiki mbili toa ndoo ndogo, weka ya mchanganyiko uleule. Siku moja utakuta umbo la uduvi limelala chini, tupu. Usilie, wala usilitoe. Amevua gamba, yuko pangoni akisubiri jipya liwe gumu, na la zamani atalitafuna arudishe kalisi yake.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na ukiwa na bahati utayaona. Watoto wakianguliwa huelea na kuhitaji chakula kidogo kisichoonekana kwa macho, kwa hiyo katika tangi la nyumbani wengi hawafiki mbali. Anayetaka kizazi juu ya kizazi aulizie uduvi mwekundu wa Hawaii, Halocaridina rubra. Naye ni wa maji ya chumvichumvi, hukaa katika madimbwi ya mawe ya volkano, hazidi sentimita moja na nusu, watoto wake huanza maisha na akiba ya kiini cha yai, na anaweza kuishi miaka 20. Kumleta kutoka nje kunahitaji kibali, na uduvi wa kigeni yeyote ana sharti moja zaidi: ukimchoka, usimtupe mtoni. Kambamto wa Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, akazaana asizuilike.

Kwa hiyo ukija Makutano kuagiza tangi, nitakupimia kioo siku hiyo hiyo. Ukitaka na uduvi siku hiyo hiyo, nitakurudisha nyumbani na jerikeni la maji na mawe ya Nyambene, tukutane baada ya mwezi na nusu.