Watafiti Wanapobisha Hodi Shuleni: Funzo Kutoka Busia

Mara kwa mara mtoto hurudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Shule yake imeingia ushirikiano na watafiti katika jambo la afya, na mzazi anaombwa kutia sahihi. Wapo wazazi wanaotia sahihi bila kusoma kwa kuwa karatasi imetoka kwa mwalimu, na wapo wanaokataa bila kusoma kwa kuwa wamesikia maneno njiani. Wote wawili hawajamtendea mtoto haki. Kwa hiyo tumeona vema kueleza namna ushirikiano wa aina hii unavyofanya kazi, kwa kutumia mfano ambao umechunguzwa na kubishaniwa kuliko mingi mingine, nao ulifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1998, huko Busia magharibi mwa Kenya, shirika la misaada lenye asili ya Uholanzi lilishirikiana na ofisi ya Wizara ya Afya kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Shule za msingi zilikuwa 75, zenye watoto zaidi ya 30,000, katika tarafa za Budalangi na Funyula. Safura na minyoo mingine ya tumbo ilikuwa imeenea mno, na katika shule zilizo karibu na Ziwa Viktoria kulikuwa pia na kichocho. Fedha na watumishi havikutosha kuzifikia shule zote kwa mara moja. Hivyo ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, la kwanza likaanza mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walizilinganisha shule zilizokwisha kupata dawa na zile zilizokuwa zikingoja zamu.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika udongo ambao watoto wote huukanyaga. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mafunzo ya usafi yaliyotolewa pamoja na dawa nayo hayakubadili mwenendo: watoto hawakuvaa viatu zaidi wala kuwa na mikono safi zaidi kuliko awali. Twawaheshimu watafiti hao kwa kuyaandika waziwazi hata yale yaliyowavunja moyo.

Baadaye, katika baadhi ya shule, wazazi waliombwa kuchangia kiasi kidogo cha gharama. Palipokuwa bure, watoto wapatao 75 katika kila 100 walipata dawa. Palipoombwa mchango, walikuwa 18 tu. Sisi tuliozoea kuitisha michango parokiani na shuleni tuliisoma namba hiyo mara mbili.

Mwaka 2015 wataalamu wengine wa London waliyapitia upya mahesabu hayo, wakaonyesha makosa kadhaa na kutia shaka ukubwa wa manufaa. Watafiti wa kwanza walijibu, na mjadala unaendelea. Msomaji asiyumbishwe na jambo hilo. Mahesabu yaliweza kupitiwa upya kwa sababu wenye utafiti walitoa takwimu zao zichunguzwe, na ndivyo utafiti wa haki unavyopaswa kuwa. Wala hakuna katika mjadala huo aliyepinga kwamba mtoto mwenye minyoo atibiwe. Kenya yenyewe, tangu mwaka 2012, imeendesha mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo mashuleni, na taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, imekuwa ikifuatilia kama minyoo inapungua kweli.

Lakini jambo lililotugusa zaidi katika habari za Busia ni lile la ridhaa. Mwaka wa kwanza ilitosha jamii kukubali. Kuanzia mwaka wa pili serikali ilidai ridhaa ya kila mzazi, naye alipaswa kufika shuleni na kutia sahihi kitabuni. Hilo lilikuwa sahihi kabisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2295) yafundisha kwamba utafiti juu ya binadamu hauhalalishi tendo lolote lililo kinyume cha hadhi yake, nao wahitaji ridhaa ya mhusika anayeelewa, au ya wale wanaosema kwa haki kwa niaba yake. Kwa mtoto, wa kwanza kusema ni wazazi wake. Hata hivyo, watafiti wenyewe waliona kwamba huenda utaratibu huo uliwanyima watoto wengine dawa, kwa kuwa mzazi mwenye deni la karo aliona haya kukutana na mwalimu mkuu. Hakuikataa dawa, aliliogopa deni.

Basi mzazi aisome karatasi, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Aulize ni nani anayeuendesha utafiti na kama umepata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na serikali. Aulize mtoto atapewa nini, au atachukuliwa nini: damu, choo, au majibu ya maswali kuhusu mambo ya nyumbani, na hayo yatatunzwa na nani. Aulize kama mtoto aweza kujiondoa katikati bila kuadhibiwa wala kukosa huduma iliyo haki yake. Na mtoto mwenyewe aulizwe, kwa maneno ya umri wake. Mtafiti anayekasirishwa na maswali haya hajawa tayari kuingia darasani.

Kwa wakuu wa shule zetu tunaomba jambo moja la pekee. Sahihi za ridhaa zisipokelewe katika ofisi ile ile inayodai karo. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki, na watu hukaa nje ya kanisa baada ya Misa ya Dominika. Mtafiti aje hapo, aeleze, aulizwe, na mzazi aende na karatasi nyumbani akaifikirie kabla ya kuirudisha.