Ang Rita Sherpa na Kipimo cha Hewa Kileleni Everest

Rekodi nyingi za wapanda milima huhesabiwa kwa mita na kwa idadi ya vilele, lakini rekodi ya Ang Rita Sherpa wa Nepali, aliyefika kilele cha Everest mara 10 kati ya mwaka 1983 na 1996 bila kuvuta oksijeni ya mtungi, haieleweki sawasawa mpaka itazamwe kwa kipimo kingine, nacho ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamizia kila kilichomo ndani yake.

Wengi hudhani kwamba hewa ya mlimani ina sehemu ndogo ya oksijeni kuliko ya pwani, ilhali sehemu hiyo ni ileile, takriban asilimia 21, ufukweni na kileleni. Kinachopungua ni kanieneo inayoisukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni kuingia katika damu. Usawa wa bahari kanieneo ni milimita 760 za zebaki. Kileleni Kibo, mita 5,895, hubaki karibu nusu yake. Na mwaka 1981 Chris Pizzo, mmoja wa watafiti wa msafara wa kitabibu wa Marekani ulioongozwa na John West, alipima kileleni Everest akapata milimita 253, ambayo ni thuluthi tu. Hewa ikishachanganyika na mvuke wa maji uliomo katika njia za kupumulia, mchango wa oksijeni peke yake hushuka kutoka milimita 149 za pwani hadi 43.

Mwili hupambana na upungufu huo kwanza kwa kuhema haraka na kwa kina, jambo linaloondoa kabonidioksidi mapafuni na kuiachia oksijeni nafasi, kisha, katika majuma yanayofuata, kwa kuongeza himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Hata hivyo ulinzi huo una mpaka. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichukua damu ya ateri ya wapandaji wanne waliokuwa wakishuka kutoka kileleni, wakiwa kwenye mita 8,400, wakakuta kanieneo ya oksijeni ndani yake ni wastani wa milimita 24.6, na kwa mmoja wao 19.1, viwango ambavyo kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini vingewafanya madaktari wakimbilie kitandani pake, ilhali watu hao walikuwa wakitembea kwa miguu yao.

Ndiyo maana, baada ya Edward Norton kufika zaidi ya mita 8,500 bila mtungi mwaka 1924 na kurudi nyuma, ilipita zaidi ya nusu karne kabla Reinhold Messner na Peter Habeler hawajakamilisha safari hiyo Mei 8, 1978, huku baadhi ya wataalamu wakionya kwamba wangerudi na ubongo ulioharibika. Messner ndiye aliyeendelea kutajwa zaidi, na kwa haki, kwa kuwa mwaka 1980 alirudi Everest peke yake, tena bila mtungi, na kufikia 1986 alikuwa mtu wa kwanza kupanda vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000. Tofauti moja, ambayo vitabu huipita upesi, ni kwamba Messner alikwenda kwa hiari ya mtu anayejijaribu, wakati Ang Rita, aliyezaliwa mwaka 1948 katika bonde la Thame na kuanza kazi ya upagazi akiwa kijana, alipanda kwa ujira, akihudumia misafara ya watu wengine.

Maelezo ya uwezo wake hutafutwa kwanza katika urithi wa Washerpa, ambao asili yao ni Tibeti. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba Watibeti wengi wana umbo la pekee la jeni iitwayo EPAS1, linalouzuia mwili usiongeze himoglobini kupita kiasi, na kwa hiyo damu yao haiwi nzito kama ya mgeni aliyekaa mlimani kwa muda mrefu, hali ambayo huuchosha moyo na kuweza kusababisha damu kuganda ndani ya mishipa. Mwaka 2014 ilibainika kwamba umbo hilo lilitokana na Wadenisova, jamii ya kale ya binadamu iliyotoweka, na mwaka 2017 watafiti waliongeza kwamba mitokondria za misuli ya Washerpa, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, hutumia oksijeni kidogo kwa ufanisi mkubwa. Lakini urithi peke yake hautoshi kuwa jibu, maana Washerpa walio wengi hutumia mitungi wakifika karibu na kilele, na si wachache waliougua au kufa mlimani humo.

Upandaji wa Ang Rita ulio mzito kuliko yote, kwa kigezo cha fiziolojia, ni wa Desemba 22, 1987, alipofika kileleni na Heo Young-ho wa Korea Kusini. Kanieneo juu ya Everest hubadilika na majira: katikati ya kiangazi hukaribia milimita 255, na katikati ya baridi hushuka hadi karibu 243, na kwa kuwa pale juu mwili hauna akiba yoyote, upungufu huo mdogo hupunguza waziwazi nguvu ya misuli. Kwa mapafu yake, mlima huo siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko ramani inavyosema, na hakuna mwingine anayejulikana kuupanda bila mtungi katika majira hayo.

Ang Rita alifariki Kathmandu Septemba 2020. Kami Rita Sherpa, mzaliwa wa Thame vilevile, alikuwa amefika kileleni mara 31 ilipofika Mei 2025, kwa msaada wa mitungi, ambayo humfanya mpandaji avute hewa kana kwamba yuko mamia mengi ya mita chini ya alipo; kwa hiyo kuzilinganisha idadi hizo mbili, kama magazeti yanavyopenda kufanya, ni kulinganisha kazi mbili zisizopimika kwa mizani moja.