Wepesi wa Hesabu na Upevu wa Fikra

Katika madarasa yetu mengi imeota mizizi desturi ya mwalimu kutaja hesabu ya kichwa, na mtoto aliyetangulia kunyoosha kidole akaitwa hodari wa hisabati, ilhali mwenziwe aliyeinama akiwaza huhesabiwa kuwa mzito. Nia ya desturi hiyo ni njema, lakini hukumu yake ni dhaifu, kwa kuwa hupima vipawa viwili kwa kipimo kimoja.

Mwaka 1824 alizaliwa katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mtu aliyeitwa Zacharias Dase, ambaye alijaliwa karama adimu ya tarakimu. Alipotakiwa kuzidisha 79,532,853 kwa 93,758,479, bila ya karatasi wala wino, alitoa jawabu kwa sekunde 54. Na mwaka 1844, katika muda wa takriban miezi miwili, alikokotoa kichwani thamani ya pai hata tarakimu 200 baada ya nukta. Lakini kanuni aliyoifuata katika kazi hiyo alipewa na mtaalamu wa Vienna, na waliojitahidi kumfunza misingi ya awali ya hisabati walitoka mikono mitupu. Carl Friedrich Gauss, bingwa wa fani hiyo katika zama zake, hakuidharau karama ya Dase. Alimshauri atunge majedwali ya vigawo vya namba kubwa, kazi iliyohitaji wepesi na subira kuliko uvumbuzi.

Gauss mwenyewe, yasimuliwa, akiwa mtoto aliagizwa pamoja na wenziwe kujumlisha namba zote tangu 1 hata 100. Wenziwe walipoanza kuongeza moja baada ya moja, yeye alitua akatazama: 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, 3 na 98 vile vile, jozi zote ni 50, basi jawabu ni 5,050. Aliyekwisha kuuona mpango huo hasumbuki hata akipelekwa mpaka 1,000, maana ni 500 mara 1,001, lakini mwenye kuongeza moja moja hana budi kuanza safari upya.

Naye mwanahisabati Mfaransa Laurent Schwartz, aliyetunukiwa nishani ya Fields ya hisabati mwaka 1950, ameeleza katika tawasifu yake jinsi alivyosumbuliwa shuleni na shaka ya kuwa mjinga, kwa sababu tu alikuwa mzito wa kujibu.

Sisemi jedwali la kuzidisha liachwe, kwani mtoto asiyejua 7 mara 8 atajikwaa kila hatua, dukani na darasani. Nasema wepesi ni mtumishi wa fikra, wala haufai kuketishwa katika kiti cha kadhi. Enyi waalimu na wazazi, mtoto akichelewa kujibu, msimcheke wala msimpite. Mwulizeni ameiendea hesabu kwa njia gani, kisha mpeni muda wa kuieleza.