Lindo la Usiku na Mwendo wa Mwezi

Askari ashikaye lindo Budondo, kaskazini ya mji wa Jinja kando ya Mto Naili, hana budi kujua mwezi utamwacha gizani saa ngapi. Mwezi hauna nuru yake mwenyewe. Huangazwa na jua, nasi huuona upande huo ulioangazwa kwa kiasi tofauti kadiri uizungukavyo dunia. Toka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Mwezi mpevu huchomoza jua lituapo, hukesha pamoja na mlinzi. Kisha huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hata baada ya juma moja ukachomoza karibu na usiku wa manane. Adui naye ajua kuhesabu!

Usiku wenyewe haubadiliki sana, maana Ikweta i karibu. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, ndiyo sababu Uingereza wana kipupwe; Budondo jua hupita utosini Machi na Septemba, na mvua hufuata nyayo zake. Tena saa zetu zimepimwa kwa nyuzi 45 Mashariki, ilhali Jinja i karibu na 33. Kwa hiyo jua huchomoza huko yapata saa 1 kasorobo asubuhi, na zamu ya alfajiri hungoja.