Kilo Moja ya Kuni Hutoa Moshi Kiasi Gani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya moshi wa moto usiohama: jiko la nyumbani, tanuri la matofali, jenereta, na boila za viwandani kama huku kwetu Kizota. Moshi wa magari tunauacha kando.

Hakuna awezaye kuweka mashine ya kupimia moshi kwenye kila jiko la Dodoma. Kwa hiyo wataalamu hufanya hesabu. Huchukua kilo za kuni au mkaa zilizochomwa, wakazizidisha kwa kigezo, yaani gramu za uchafu zinazotoka katika kila kilo. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la nne anaiweza. Taabu iko kwenye kigezo: kikikosewa, jumla yote imekosewa.

Vigezo vingi vya zamani vilipatikana maabara, ambako kuni ni kavu, zimepasuliwa vizuri, na mpishi hana mtoto anayelia mgongoni. Watafiti waliopima majiko ya kuni nchini Honduras, na kutoa taarifa yao mwaka 2009, waliona kuwa katika nyumba za watu chembe za moshi zilikuwa kwa wastani mara tatu ya zile za maabara. Tuchukue mfano. Kitabu kinasema gramu 3 kwa kilo, nawe unachoma kilo 5 kwa siku: ni gramu 15. Kumbe jikoni kwako, penye kuni mbichi na moto wa kuvuvia, ni gramu 45.

Ndiyo maana vigezo hurekebishwa mara kwa mara. Nchi za Ulaya zilitoa toleo jipya la mwongozo wao mwaka 2023, na jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi (IPCC) linaandaa mwongozo wake kuhusu uchafu wa aina hii, uliopangwa kukamilika mwaka 2027. Jambo hili linatuhusu. Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Kigezo kilicho chini mno kitaonyesha kwamba kuni hazina madhara makubwa, wakati sisi wauguzi tunawaona watoto wenye kichomi na bibi wanaokohoa ambao hawajawahi kushika sigara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Tena, kila uchafu una kigezo chake. Hapa ndipo mkaa unapowadanganya wengi. Ukiwaka vizuri hautoi moshi wa kuonekana, lakini kilo moja ya mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi zaidi ya mara mbili ya kilo ya kuni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Baridi ya Juni na Julai inapopiga, wako wanaoingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikaja, au mtu akataka kutapika huku jiko likiwaka ndani, msidhani ni malaria tu. Mtoeni nje mara moja, naye apelekwe hospitali akapewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu.

Asiye na uwezo wa kununua gesi bado ana la kufanya. Anika kuni mpaka zikauke kabisa, zipasue nyembamba, funika chungu cha maharage, na jiko la mkaa liwashie nje. Likibaki na makaa mekundu usiku, lilale huko huko nje.